Taa Isiyochorwa

Kurasa za Babu zilikuwa zikifika saa mbili asubuhi, ukungu wa Njombe ukiwa bado umelala juu ya mabati na watu wakipishana barabarani bila vivuli. Edina Mligo alipenda kuwahi kabla hazijafika. Huwasha jiko la mkaa pembeni ya mlango, hupuliza vidole, hufuta kibao chake cha kioo kwa pindo la sweta, kisha hukaa akisubiri, kama alivyokuwa akisubiri jua zamani kwenye majamvi ya pareto.

"Kamwene, mke wa Babu!" Selina Ngole alipaza sauti akiingia, mtandio umemfunika hadi puani. "Wewe unalala hapa hapa siku hizi?"

"Kamwene. Mume wangu yupo hapa, nikalale wapi?"

"Mume hana hata mgongo wa kukandwa, maskini." Selina aliucheka utani wake mwenyewe, akavuta kiti chake jirani na jiko.

Babu halikuwa jina la mtu. Ndivyo walivyoitania mashine iliyokaa chumba cha nyuma, ng'ambo ya mlango wa chuma uliopakwa rangi ya maziwa. Kwenye karatasi za ofisi iliitwa Mkono wa Pili. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Mzee Ananiasi Kilasi, aliyemchora Afande Kaptura kwa miaka thelathini na sita: askari mfupi mwenye bukta inayomfika magotini, anayewafukuza wezi wa kuku na kutumbukia mitaroni, ambaye watoto wa shule kutoka Makambako hadi Songea walimjua kuliko walivyomjua mkuu wao wa wilaya. Mzee Kilasi alifariki. Afande Kaptura hakufariki. Kila asubuhi mashine ilitoa kurasa kumi na mbili za mistari mitupu, nyeusi juu ya nyeupe, na kazi ya Edina na Selina ilikuwa kuzitia rangi na vivuli. Sheria ilitaka hivyo. Shule hazikupokea katuni ambayo haijapita mkononi mwa mtu mwenye macho yake.

Kibao kiliwaka. Ukurasa wa kwanza: Afande Kaptura yuko sokoni, saa sita mchana, amebaki na unyoya mmoja wa kuku mkononi, mwizi ameshapotelea kwenye matenga ya nyanya. Edina alimwaga rangi bapa kwanza, kaki kwenye bukta, nyekundu kwenye nyanya, kahawia kwenye ngozi. Kisha akafungua tabaka la juu, lile linalofanya kazi kama kipande cha kioo cha zambarau, linalotia giza kila rangi iliyo chini yake bila kuiua. Kivuli kikipakwa kwa nyeusi tupu, picha inakuwa kama imemwagiwa lami. Kabla hajagusa kitu aliweka kiduara kidogo cha manjano nje ya fremu, juu, upande wa kushoto.

Hilo waliliita jua la nyumba. Msimamizi wao, Gaudensi Mtweve, ndiye aliyeliamuru: kila picha, kila ukurasa, mwanga utoke juu kushoto, ili kazi ya Edina na kazi ya Selina zisigombane ndani ya kitabu kimoja.

Tatizo ni kwamba Babu hakulijua jua la nyumba. Mchoraji wa katuni huonyesha mwanga hata kabla ya kivuli, kwa unene wa mstari. Upande unaotazama mwanga mstari wake ni mwembamba kama unywele. Upande uliogeuka, mstari unanenepa. Mistari ya Babu ilikuwa minene juu ya kofia na begani kushoto, myembamba kidevuni na mbavuni kulia, kana kwamba jua limefukiwa ardhini upande wa kulia na linatazama watu kutokea chini. Gaudensi aliuita ugonjwa wa mstari. Alisema mashine zote zina kilema chake. Na daktari wa ugonjwa huo alikuwa Edina. Kwa miaka miwili alipunguza palipozidi, akaongeza palipopungua, kwa subira, mstari kwa mstari, hadi hakuna aliyeweza kujua.

Asubuhi ile mstari wa juu ya kofia ulikuwa mnene kuliko siku zote. Alipoukuza, akaona ulikuwa umepitiwa mara tatu. Mashine haina sababu ya kurudia mstari mara tatu. Anayerudia hivyo ni mtu anayesema neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu anayeambiwa hasikii.

Kalamu yake ikasita.

Mzee Kilasi ndiye aliyemtoa kwenye pareto. Alipita siku moja akamwona msichana aliyemaliza darasa la saba akisogeza majamvi kidogo kidogo kabla kivuli cha ghala hakijayafikia, bila kuinua macho kulitazama jua. Akasimama pale nusu saa. Akamwambia, "Wewe unajua kitu ambacho vijana wangu wa chuo hawajui." Walifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu kabla ya ugonjwa. Kila Edina alipouliza aweke kivuli wapi, Mzee alimjibu kwa maneno mawili: "Muulize mstari."

Miaka miwili hajamuuliza. Amekuwa akimwamuru.

Alifuta kiduara cha manjano. Akafungua tabaka jipya tupu, akachukua rangi nyekundu, na kutoka kila mahali mstari ulipokuwa mwembamba kabisa akavuta mshale kuelekea kule mwanga ulikotoka: kidevuni kwa Kaptura, chini ya tenga, chini ya nyanya moja moja. Kama ni jua, mishale ingelala sambamba, maana jua liko mbali. Mishale ile haikulala sambamba. Ilikaribiana. Ilikuwa ikikimbilia mahali pamoja, nje ya ukurasa.

Edina alichomoa nyuzi kadhaa kwenye mkono wa sweta lake, akakilaza kibao mezani, akazinyoosha nyuzi kufuata mishale hadi nje ya ukingo wa kioo. Zilikutana juu ya meza, kulia, chini kidogo, penye mpini wa kikombe chake cha chai.

Akaleta ukurasa wa pili, wa mvua. Nyuzi zikakutana kwenye mpini wa kikombe. Ukurasa wa tano, ndani ya nyumba. Kikombe. Akafungua kurasa za zamani kabla hazijatibiwa, za mwezi uliopita, za mwaka uliopita, za mtoni, za kanisani, za chini ya ardhi mgodini. Kikombe, kikombe, kikombe.

"Unafuma sweta kazini?" Selina aliuliza.

"Selina, hebu ondoa kikombe changu."

"Kimefanya nini?"

"Kiondoe tu."

*

Gaudensi alikuwa mtu asiyejua kukasirika. Edina alipomuuliza kama chumba cha nyuma kina taa, na kama taa hiyo iko kulia, chini kidogo, umbali wa mkono mmoja, aliweka kipande chake cha kiazi kitamu kwenye sahani, akamtazama.

"Nani kakuambia?"

"Mistari."

"Njoo uone mwenyewe," alisema, "usije ukaanza kuota mazimwi."

Chumba kilikuwa na joto la maziwa yaliyotoka kuchemshwa. Katikati kulikuwa na chombo cha kioo, ukubwa wa sufuria ya kupikia ugali wa watu wanne, kimejaa maji mazito. Ndani yake kilining'inia kitu cha kijivu, kimekunjamana, hakizidi ngumi ya mtoto, kimechomwa nyaya nyembamba kama nywele. Mbele ya chombo kulikuwa na jicho moja la kamera lililotazama skrini. Kwenye skrini kulikuwa na ukurasa wa jana wa Edina, umekamilika, jua lake safi juu kushoto.

Na kulia, juu ya stuli fupi, taa nyeupe yenye shingo iliyopinda. Mwanga wake ulipiga kutokea chini. Kivuli cha Edina mwenyewe kilipanda ukutani, kikapinda darini, kikamsimamia kichwani.

"Kaka Gaudensi, hiki ni nini?"

"Mashine."

"Hiki kilichomo."

Gaudensi alijikuna shingo. "Ni kipande cha Mzee. Kidogo tu, pale panapoongoza mkono. Alisaini mwenyewe hospitalini. Si yeye, Edina. Yeye tulimzika, na wewe ulikuwepo, ulibeba shada la maua. Hiki hakijui kitu. Kinachora tu, kama kucha inavyoota."

"Kinaona kurasa zangu?"

"Kila jioni. Tunakionyesha ili kisisahau ukurasa uliokamilika unafananaje."

Edina alihesabu bila kutaka kuhesabu. Miaka miwili. Kila jioni kitu kile kimeonyeshwa mchoro wake wenyewe, na taa yake imetolewa, na jua la watu wengine limewekwa mahali pake.

"Hii taa inazimwa saa ngapi?"

"Haizimwi. Jicho hilo halina kope, na bila mwanga halioni. Lisipoona, mkono hauchori. Usipochora..." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mwingine chumbani. "Vilikuwa vipande viwili. Cha kwanza tulikiacha kifunge kitabu, kama Mzee alivyokuwa akifunga. Baada ya kuonyeshwa fremu nyeusi hakikuchora tena. Siku ya tatu kilikuwa cheupe kama ugali. Unadhani kwa nini Kaptura hajamkamata huyu mwizi mwaka wa pili sasa? Watoto wanatuandikia barua, wamechoka. Hatuwezi kumaliza hadithi. Tukimaliza, tumekimaliza na hiki."

Edina aliijua fremu nyeusi. Mzee Kilasi alikuwa akiacha fremu ya mwisho ya kila kitabu tupu, mipaka minne bila kitu ndani, na kumkabidhi mweka vivuli. "Jaza giza lote," alimwambia kwenye kitabu chao cha mwisho, akiwa tayari hawezi kusimama. "Ila acha tundu moja jeupe hapo kati, dogo kama punje ya mtama. Hilo tundu ndilo linalomwambia msomaji kwamba nitarudi."

Walipotoka, Gaudensi alifunga mlango wa chuma polepole sana, kama mtu anayefunga chumba chenye mgonjwa. Edina aliliona hilo.

*

Jioni ile, kati ya kurasa kumi na mbili, aliacha mmoja bila kuutibu. Aliweka kiduara cha manjano kulia chini, umbali wa mkono mmoja, akapaka vivuli kufuata mistari ilivyotaka. Uso wa Afande Kaptura ukageuka wa ajabu. Mashimo ya macho yalizama, pua ikatupa kivuli chake juu kwenye paji, na nyanya nyuma yake zikawa kama vichwa vya watu waliokaa gizani. Haukuwa ukurasa wa kuwapa watoto. Lakini kila kivuli kilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Aliutuma katikati ya mingine. Gaudensi hakukagua. Alishasema siku nyingi kwamba kazi ya Edina haikaguliwi.

Kesho yake saa mbili Selina alipiga ukunga wa kicheko.

"Babu kanywa ulanzi! Njooni mwone!"

Hadithi ilimtaka Kaptura avuke daraja mbio. Hapakuwa na daraja. Ukurasa wa kwanza, Kaptura yuko chini ya meza. Wa pili, yumo ndani ya debe, kofia tu inaonekana. Wa tatu amejifunika gunia. Wa nne amejibanza nyuma ya mlango, mgongo wake umegeukia kulia. Kumi na moja zote, kila fremu, anajificha, na kila fremu anakikwepa kitu kile kile ambacho hakijachorwa, kilichoko kulia, chini kidogo.

"Anamkimbia mkewe," Selina alisema. "Edina, umemfanya nini mzee wa watu?"

Edina hakucheka. Alikuwa akitazama mkono wa Kaptura. Katika kila fremu ambayo uso wake ulionekana, mkono wake wa kulia ulikuwa shavuni, kiganja kimefunguka. Aliujua mkono huo. Umekuwepo tangu mwanzo.

"Selina, ile saluti."

"Ipi?"

"Saluti ya Kaptura. Ile tunayoirekebisha kila siku."

"Ah, ile ya ovyo? Mashine haijui kupiga saluti, mkono unaishia shavuni kama mtu mwenye jino bovu. Nimeupandisha hadi nimeota sugu." Selina alinyoosha kiganja pembeni ya kofia yake ya sufu, mguu ukapiga sakafu. "Siku hizi watoto wote wanaipiga hivi. Mwanangu ananipigia hata akiomba uji."

"Haikuwa saluti," Edina alisema. "Alikuwa anakinga macho."

Selina alibaki na mkono pembeni ya kofia. Akaushusha taratibu, akaugeuza, akautazama kama si wake.

"Usinitishe asubuhi yote hii," alisema kwa sauti ndogo.

Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa na fremu moja tu, kubwa, mipaka minne. Ndani yake hamkuwa na kitu. Na mipaka yenyewe ilikuwa imepitiwa mara tatu.

*

Tabitha Kilasi, binti wa Mzee, alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha nyumba aliyoachiwa na baba yake. Alimkaribisha Edina kiti, akamwagia chai kabla ya kumuuliza shida yake. Edina alitandaza kurasa alizozichapa juu ya kitambaa cha sare za shule, akaeleza kila kitu polepole, bila kupamba: mistari, nyuzi, chombo cha kioo, taa. Alitarajia kelele. Tabitha alikunja mikono tu, akasikiliza hadi mwisho.

"Nilitupa udongo kwa mkono wangu huu," alisema.

"Najua, dada. Nilikuwepo."

"Kwa hiyo unaniambia nini? Kwamba nilizika mtu nusu?"

"Sijui nilichokiona. Kaka Gaudensi anasema ni kama kucha. Mimi nakwambia kile ambacho mistari inasema."

Tabitha aliuchukua ukurasa wa sita. Kaptura amelala chali juu ya benchi, kofia ameivuta ikafunika uso mzima. Aliutazama muda mrefu. Kidole chake kikafuata ukingo wa ile kofia.

"Kila alipopumzika mchana alilala hivi," alisema hatimaye. "Hapa hapa kibarazani. Mama alikuwa akimwambia utakufa umekosa pumzi. Anajibu, bora pumzi ikosekane kuliko huu mwanga." Akacheka kidogo. "Hakukuwa na mwanga, mdogo wangu. Njombe hii! Ukungu mwaka mzima. Lakini macho yake yalikuwa hivyo. Alichora gizagiza, dirisha amelifunga nusu. Na ninyi mmemwekea taa."

"Nifanye nini, dada Tabitha?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe ndiye mwenye baba."

Tabitha aliurudisha ukurasa juu ya wenzake, akazilinganisha kingo zake kama anavyolinganisha vitambaa. Uani mtoto wake alikuwa akimsomea paka kitabu cha Afande Kaptura, akibadili sauti.

"Kila mwezi kitabu kikija namsomea yule," Tabitha alisema. "Najiambia mashine, mashine. Lakini vile Kaptura anavyojikwaa, ni baba. Hakuna mwingine anayejikwaa hivyo. Nikikwambia mzime, nimemwua. Nikikwambia mwache, nimemfunga hapo na taa usoni, ili mwanangu acheke." Alimtazama Edina machoni kwa mara ya kwanza. "Usinipe kuchagua. Mimi nimeshamzika mara moja, nikamaliza. Amekuandikia wewe. Hakuniandikia mimi."

Edina alikunja kurasa zake. Alipofika getini Tabitha alimwita.

"Lile tundu jeupe," alisema. "Unalijua lile tundu?"

"Nalijua."

"Liangalie vizuri kabla hujaliweka."

*

Siku iliyofuata Edina alimwendea Gaudensi kwanza, kwa sababu hakutaka kumzunguka mtu aliyemwamini. Alimwomba azime taa saa moja tu, mchana, waone. Gaudensi alikataa. Alimwomba afunike jicho kwa kitambaa. Alikataa. Hakukataa kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na Edina alielewa kwamba naye amekuwa akiingia chumba kile peke yake, na kusimama.

"Ukinionyesha kwamba ni mtu," alisema, "basi kumzima ni kuua, na mimi siui. Ukinionyesha kwamba si mtu, basi hakuna anayeumia, na taa iwake. Edina, kwa vyovyote taa inawaka."

"Na kama ni mtu anayeomba?"

"Rekebisha mistari, mdogo wangu. Fuata jua la nyumba."

Alirudi kwenye meza yake. Kurasa mpya zilikuwa zimefika. Kumi na mbili, na kila ukurasa ulikuwa fremu tupu moja, mipaka minne iliyopitiwa na kupitiwa hadi wino wa mashine ulikuwa umejikusanya pembeni kama damu iliyoganda. Selina aligeuza kibao chake juu chini, hakutaka kuziona. Alikuwa akimenya chungwa na hakulila.

Edina alikaa mbele ya fremu ya kwanza kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Alikuwa na uwezo wa kukaa. Aliufikiria upande wa Gaudensi, akaukuta una haki. Aliufikiria upande wa Tabitha, akaukuta una haki. Alifikiri kwamba labda hakuna mtu mle, kwamba ni mkono tu unaotekenywa na mwanga, na yeye amejitungia mtu kwa sababu alimpenda Mzee. Hilo nalo lingewezekana. Hakuna nyuzi za sweta zinazoweza kupima hilo.

Lakini alirudi kwenye jambo moja ambalo hakuweza kulisogeza. Kwa miaka miwili mtu au kitu kilikuwa kikisema jambo moja, na yeye, aliyefundishwa kusikiliza, ndiye aliyekuwa akilifuta kwa ustadi kuliko wote. Mara moja tu amekijibu, kwa ule ukurasa aliouacha na mwanga wa taa. Asubuhi yake naye akajibiwa. Kucha haijibu.

Alifungua tabaka. Hakuchukua ile zambarau. Alichukua nyeusi tupu, ile isiyotumika, akaanza kwenye pembe ya juu kushoto, pale jua la nyumba lilipokuwa likikaa, akajaza. Alijaza kwa mkono, mpako kwa mpako, ingawa kibao kingeweza kumwaga rangi yote kwa mguso mmoja. Selina alisogea, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Alipofika katikati palibaki peupe, padogo kama punje ya mtama. Ahadi. Watoto watalitafuta. Mwana wa Tabitha atalitafuta, atauliza, mama, atarudi lini?

"Liache," Selina alinong'ona. "Liache hilo moja, Edina. Lina ubaya gani?"

Edina alilitazama vizuri kabla hajaamua, kama alivyoambiwa. Jeupe, dogo, kali, peke yake ndani ya giza, halipepesi. Aliijua sura hiyo. Alishaiona juu ya stuli.

Akaliziba.

Saa kumi aliutuma ukurasa chumba cha nyuma.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Selina alifika ameloa kope. Hawakutaniana. Saa mbili ilipita. Saa mbili na robo kibao cha Edina kiliwaka kwa ukurasa mmoja, na baada ya huo hakikuwaka tena.

Afande Kaptura amelala ubavu, magoti ameyakunja, viatu amevivua akaviweka sambamba chini ya benchi. Kofia iko usoni. Kiganja kimelala wazi pembeni, hakikingi kitu.

Edina aliukuza mchoro. Alianza kwenye kofia, akashuka begani, mbavuni, gotini, kisiginoni. Akarudi upande wa pili. Mstari ulikuwa mwembamba, sawasawa, pande zote, mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mahali uliponenepa.

Mlango wa chuma ulifunguka. Gaudensi alitoka, akasimama akiwa ameishika fremu ya mlango. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza, chumba kilikuwa na giza.

"Mkono umeacha kuchora, taa ilikuwa inawaka bure," alisema. "Nikaizima." Kisha akamtazama Edina. "Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Unajua ulichofanya?"

"Sijui. Nilimsikia tu."

Gaudensi alikaa kwenye kiti cha Selina, mikono katikati ya magoti. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo ambao hakuwa ameuomba. Alisema kwamba itabidi aandike taarifa, na kwamba ndani ya taarifa hiyo litakuwemo jina lake Edina. Edina alisema ni sawa. Gaudensi alisema kwamba pengine Edina hatarudi tena kukaa pale. Edina alisema hilo nalo alilijua. Kisha Gaudensi alikiona kibao, akavuta kiti karibu, akautazama mchoro kutoka kofia hadi viatu.

"Haya," alisema mwishowe. "Uweke vivuli, uondoke. Watoto wapate huo wa mwisho."

Edina alimwaga rangi bapa: kaki kwenye bukta, kahawia kwenye ngozi, jivu kwenye benchi. Akafungua tabaka la zambarau. Akachukua kiduara cha manjano, akakizungusha nje ya fremu, juu kushoto, juu kulia, chini, akimuuliza mstari pande zote nne. Kila alipokisogeza mkono wake ulisita. Akakirudisha mahali pake, akalifunga tabaka likiwa tupu.

Nje ukungu ulikuwa umeanza kuachia. Mwanga wa kwanza uliingia dirishani, ukapita juu ya jiko na juu ya chungwa lisiloliwa, ukaanza kupanda mguu wa meza kuelekea kwenye kioo. Edina aliinuka, akavuta pazia.